Imani, hisia na mwili wako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndo maswali yanayojirudia kila watu wakianza kuongelea tiba inayomwangalia mtu mzima, yani mwili, akili na roho kwa pamoja. Yameanza na ya msingi, yakafuata ya magonjwa yanayoulizwa sana, alafu yale magumu yako mwisho. Kama una haraka soma la 4 na la 12. Na kama sa hivi unavyosoma una maumivu ya kifua yanayobana, upande mmoja wa mwili umelegea, au pumzi haitoshi, acha kusoma nenda hospitali, haya mengine utayakuta.

## Mambo ya msingi

1. Ni kweli hisia zinaweza kumuumiza mtu mwilini, au ni maneno ya watu tu?

Ni kweli. Simu ikiita saa nane usiku, kabla hata hujajua nani anapiga, moyo tayari unadunda, mdomo umekauka, tumbo limejikunja. Hakuna kidudu kilichoingia, ni ubongo umetuma taarifa kwenye tezi zilizo juu ya figo nazo zikamwaga adrenalini, na baadae kidogo kotisoli. Presha inapanda, sukari inaongezeka kwenye damu, tumbo linasimamisha kazi yake. Mwili umeumbwa hivo ili uweze kukimbia hatari na ni mpango mzuri tu.

Shida inakuja hali hiyo ikikaa miezi. Ni kama genereta, umeme ukikatika inakuokoa, ila ukiiacha inaunguruma usiku na mchana mwaka mzima itakuharibikia. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake kule Ohio, Marekani, waliwatoboa wanawake kidonda kidogo sana mkononi, cha milimita 3.5, wote kipimo kilekile. Nusu yao walikuwa wanawauguza ndugu waliopoteza kumbukumbu, nusu nyingine hawana mzigo huo. Kwa wauguzaji kidonda kilichukua wastani wa siku 48.7 kufunga, kwa wenzao siku 39.3. Siku tisa zaidi, ngozi ileile, kidonda kilekile. Mi nikiisoma hiyo nawafikiria akina mama wetu wanaolala chini ya vitanda vya wodini wiki nzima wakimuuguza mgonjwa, hakuna anayewauliza wao wamekula nini.

Mafua nayo yameshachunguzwa. Sheldon Cohen na wenzake mwaka 1991 waliwawekea watu virusi vya mafua puani kwa makusudi, kwa ridhaa yao, na waliokuwa na stresi nyingi ndo waliougua zaidi. Ila hapo virusi viliwekwa, stresi peke yake haikutengeneza mafua. Shika hilo, litarudi.

2. Kwa hiyo anayeniambia "ugonjwa wako uko kichwani tu" yuko sahihi?

Hapana, na hiyo kauli imewaumiza watu wengi sana. Maumivu yoyote, hata ya mguu uliovunjika, yanatengenezwa na ubongo, hakuna maumivu ya aina nyingine. Mtu mwenye maumivu yaliyoongezwa na hofu anaumia kweli na anastahili kutibiwa sawa na mwingine. Kama vipimo vyako vyote vimetoka safi na bado unaumwa, nenda swali la 18.

3. Plasebo ni nini, na inafanyaje kazi kama ndani hamna dawa?

Ni kidonge cha unga mtupu, au sindano ya maji ya chumvi, anayopewa mtu kwenye utafiti ili ilinganishwe na dawa halisi. Kinachoshangaza ni kwamba wengine wanapata nafuu, na nafuu hiyo ina njia yake mwilini. Mwaka 1978 huko San Francisco watafiti Levine, Gordon na Fields waliwachukua watu waliong'olewa meno, wakaona kwamba waliopata nafuu kwa plasebo wakipewa nalokisoni, dawa inayozuia mofini (dawa kali ya maumivu) isifanye kazi, maumivu yanarudi. Maana yake mwili wenyewe ulikuwa umetoa dawa yake ya maumivu, endofini, kwa sababu tu mgonjwa alitegemea kupona.

Na jinsi tiba inavyotolewa inabeba uzito mkubwa. Kwenye tafiti za kipandauso sindano tupu imeonekana kushinda kidonge kitupu, na hapa kwetu kila mtu anamjua mzee ambaye akitoka zahanati bila sindano anaona hajatibiwa. Kuna upasuaji wa bandia pia: Houston mwaka 2002 wagonjwa 180 wa goti, wengine walisafishwa goti kweli, wengine walichanwa ngozi tu wakashonwa, na miaka miwili mbele waliochanwa tu hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao.

Kinachonipa matumaini zaidi ni kwamba sio lazima mtu adanganywe. Ted Kaptchuk wa Harvard mwaka 2010 aliwapa wagonjwa wa tumbo linalosumbua bila kidonda vidonge akiwaambia wazi kabisa humu hamna dawa. Baada ya wiki tatu asilimia 59 walisema wamepata nafuu ya kutosha, ukilinganisha na asilimia 35 ya wasiopewa kitu. Walikuwa 80 tu, na walielezwa kwa upole kwa nini inaweza kusaidia, walisikilizwa, walifuatiliwa. Mi naamini huko kusikilizwa ni nusu ya habari.

4. Basi kama imani ina nguvu hivo, inaishia wapi?

Hili ndo swali muhimu kuliko yote, naomba usiliruke. Mwaka 2011 watafiti wa Boston waliwachukua watu wenye pumu, wakawajaribisha kwa zamu: pampu ya salbutamo (dawa inayofungua mapafu), pampu tupu, sindano za Kichina za uongo, na kukaa bila kitu. Wakawauliza unajisikiaje. Wa pampu yenye dawa walisema nafuu asilimia 50, wa pampu tupu 45, wa sindano za uongo 46, wasiopewa kitu 21. Yani kwa maneno ya wagonjwa wenyewe, pampu tupu ilikuwa karibu sawa na dawa.

Alafu wakapima hewa inayotoka kwenye mapafu kwa mashine. Waliovuta dawa mapafu yalifunguka kwa asilimia 20, wale wengine wote karibu 7 tu.

Walijisikia nafuu ileile, lakini mapafu yalikuwa bado yamebana, na pumu inaua kwa mapafu kubana. Kwa hiyo imani na hisia zina mkono mrefu kwenye kile mtu anachosikia: maumivu, kichefuchefu, uchovu, usingizi, hofu, tumbo kuvuruga, kuwashwa. Zina mkono kiasi kwenye presha, mapigo ya moyo na kinga. Hazina mkono wa kuua kijidudu cha malaria, kufuta virusi, kuyeyusha uvimbe wala kurudisha insulini kwa mtoto mwenye kisukari cha utotoni. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye mstari huu.

5. Na kuamini vibaya je? Mtu anaweza kuugua kwa kuogopa tu?

Anaweza, na hiyo inaitwa nosebo. Mfano ulio karibu ni chanjo za Korona. Kwenye majaribio, zaidi ya theluthi moja ya watu waliochomwa maji ya chumvi dozi ya kwanza walisema wameumwa kichwa, wamechoka na kadhalika. Hawakusema uongo hao, waliumwa kweli, ila chanjo haikuwemo. Uingereza nako mwaka 2020 watu 60 waliokuwa wameacha dawa za kolesteroli sababu zinawaumiza walipewa mwezi huu dawa, mwezi ule kidonge kitupu, mwezi mwingine hamna kitu, na asilimia 90 ya taabu walizozisikia kwenye dawa walizisikia pia kwenye kidonge kitupu.

Sasa hii haimaanishi dawa hazina madhara, zinayo, na ukivimba midomo au ukitoka vipele mwili mzima usikae ukijiambia ni nosebo, kimbia hospitali. Inamaanisha kuwa namna tunavyoongea na mgonjwa ni sehemu ya tiba. Jirani anayemwambia mtu aliyeanza ARV jana "hizo zitakumaliza" amemletea kichefuchefu ambacho pengine kisingekuja.

## Magonjwa yanayoulizwa sana

6. Presha yangu ni ya mawazo. Nikiondoa mawazo si nitaacha dawa?

Hapa ndo watu wengi wanapotea na wanapotea vibaya, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mawazo yanapandisha presha kwa muda, hilo halina ubishi. Mama amepanda daladala mbili kufika kliniki, amegombana na konda kwenye chenji, amekuta foleni, anaitwa anakaa anafungwa ule mkanda mkononi huku bado anahema, mashine inasoma 168 kwa 98. Nesi mzuri hatamwandikia dawa hapohapo, atamwambia mama kaa, egemea kiti, miguu yote chini, usikunje nne, usiongee, dakika tano. Anapima tena inasoma 146 kwa 88. Tofauti yote hiyo ni ile safari.

Lakini ona, hata baada ya kutulia 146 bado iko juu. Presha inayobaki juu siku tofauti, ukiwa umetulia, ni ugonjwa wa mishipa, unatokana na umri, urithi, chumvi, uzito, pombe, kutotembea, figo, na stresi ikiwemo kwenye orodha ila sio peke yake. Na mara nyingi haina dalili yoyote. Watu wanameza kidonge siku ile "wanapoisikia presha", yani kichwa kimeuma baada ya kugombana na mtu, wakitulia wanaacha. Presha haisikiki hivo. Kiharusi kinamkuta mtu ambaye asubuhi alijisikia mzima kabisa. Tuliza moyo, samehe, sali, tembea, punguza chumvi, na kidonge meza kila siku, dokta ndo atakayepunguza akiona namba zimeshuka zenyewe.

7. Vidonda vya tumbo si vinatokana na stresi?

Hata madaktari waliamini hivo miaka mingi. Alafu mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, wakamkuta bakteria anaishi tumboni, anaitwa Helikobakta pailori, na walipoona hawasadikiki Marshall mwaka 1984 akamnywa mwenyewe, tumbo likaumwa kweli. Walipewa Nobel mwaka 2005. Huyo bakteria ameenea sana huku kwetu, na chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama daiklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinazomezwa hovyo.

Stresi inafanya tindikali ichome zaidi na usikie kila kitu kwa ukali, ndo maana mwezi wa ada za shule tumbo linawaka. Ila bakteria huwezi kumshawishi kwa kutulia, anatibiwa kwa antibayotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza tindikali, dozi unamaliza hata kama siku ya nne umepona. Ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, hiyo ni dharura.

8. Nimesikia kansa inaletwa na kinyongo na uchungu uliofichwa moyoni. Ni kweli?

Sikubaliani kabisa na mafundisho haya na nitasema kwa nini. Ushahidi kwamba tabia ya mtu au kinyongo chake ndo kinazalisha kansa haupo. Kansa ya mlango wa kizazi, inayowaua wanawake wengi wa Afrika Mashariki, inaletwa na kirusi cha HPV, ina chanjo ya wasichana na ina kipimo. Sasa mwanamke amelala na maumivu, anakuja mtu anamwambia ulishindwa kusamehe ndo maana. Amemwongezea mzigo wa dhambi juu ya ugonjwa.

Habari ya kisayansi ni hii. Mwaka 1989 David Spiegel alitangaza kwamba wanawake wenye kansa ya matiti iliyosambaa waliokutana kila wiki kuongea yaliyo moyoni waliishi muda mrefu zaidi, na dunia ikafurahi. Ikarudiwa kwa wanawake 235, majibu yakatoka 2001: hawakuishi muda mrefu zaidi. Lakini maumivu yalipungua, na huzuni ilipungua. Mi naona hilo linatosha kabisa kuwa sababu ya kukaa na mgonjwa, bila kumwahidi kisichoahidika.

9. Mtu anaweza kufa kwa huzuni?

Anaweza. Kuna hali ya moyo inaitwa takotsubo, Wajapani ndo waliieleza mwaka 1990. Mtu anapata mshtuko, msiba, au hata furaha kubwa ya ghafla, na chemba ya chini ya kushoto ya moyo inavimba ncha yake na kushindwa kusukuma damu. Dalili zinafanana na shambulio la moyo, ila mishipa ukiipima haijaziba. Wengi wanaopata ni wanawake waliokwisha koma hedhi, na wengi wanapona ndani ya wiki kadhaa wakipata huduma. Shambulio la moyo lenyewe pia linanyemelea wafiwa: utafiti wa Marekani wa 2012 ulikuta ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kufiwa hatari inapanda mara 21.

Kwa hiyo mfiwa akilalamika kifua kinabana msimwambie ni uchungu tu utapita. Mpelekeni akapimwe moyo. Na yule mjane mwenye dawa zake za presha na sukari, siku zile za matanga awepo mtu mmoja wa kumkumbusha dawa na kumlazimisha anywe hata uji, maana hapo ndo zinasahaulika.

10. Nguvu za kiume zimeisha ghafla. Ni akili au ni mwili?

Dokezo moja linasaidia: kama alfajiri unaamka uko sawa, au ukiwa peke yako uko sawa, ila ukiwa na mwenzio inagoma, hofu ndo mshukiwa wa kwanza. Adrenalini inabana mishipa ya damu na kule ndo damu inahitajika. Siku moja ya uchovu inazaa hofu, hofu inazaa siku ya pili, na inaendelea. Kuongea na mkeo kwa utulivu kunafungua zaidi ya watu wanavyofikiri.

Kama inapungua polepole kwa miezi na hata alfajiri hamna kitu, pima sukari, pima presha, maana inaweza kuwa taarifa ya mapema ya mishipa ya moyo. Na kaa mbali na ule unga na vichupa vya mtaani, baadhi ya hizo zinazoitwa mitishamba zimeshakutwa zimechanganywa sildenafili, yani dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, kimyakimya, na mtu anayemeza dawa za moyo za nitreti akichanganya na hiyo anaweza kufa.

11. Stresi inaweza kukata hedhi?

Ndio, ubongo ukiona hali ni ngumu unaweza kusimamisha yai kutoka. Ila pima mimba kwanza. Ikipita miezi mitatu bila hedhi na huna mimba, muone dokta.

## Imani zetu, waganga na maombi

12. Kikombe cha Babu wa Loliondo kama hakikuwa dawa, mbona watu walisema wamepona?

Kwa ambao walikuwa wadogo: mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, kijijini Samunge, Loliondo, alikuwa anachemsha mizizi ya mti wa mugariga na kugawa kikombe kimoja kwa shilingi 500, kwamba alioteshwa na Mungu, inatibu ukimwi, kisukari, kansa na mengine. Watu walikuja kwa maelfu kutoka Tanzania, Kenya na mbali zaidi, magari yamepanga foleni ya kilomita na kilomita kwenye vumbi, wengine wananywea kikombe humohumo ndani ya gari, viongozi na mawaziri nao wamo. Mwasapile alifariki 2021.

Waliosema wamejisikia vizuri wengi sidhani walidanganya. Fikiria mtu amesafiri siku kadhaa kwenye barabara ile, amelala porini na watu wanaoimba na kuomba, ana tumaini alilokuwa hana mwaka mzima, anapewa kikombe na mzee mpole asiyemdai mamilioni. Yale ya swali la 3 yote yako hapo na zaidi. Ongeza kwamba watu wanakwenda kutafuta tiba siku wamezidiwa, na magonjwa mengi ya maumivu yanapanda na kushuka, kwa hiyo baada ya siku ya kuzidiwa kabisa mara nyingi inafuata siku yenye nafuu hata ungekunywa maji.

Lakini turudi kwenye mstari wa swali la 4. Maumivu ya viungo yalitulia, sukari haikujua kama kuna kikombe. Wapo walioacha insulini na ARV, wapo waliotolewa wodini wakafia njiani na kwenye foleni ile. Simlaumu mgonjwa hata mmoja aliyekwenda, mtu mwenye maumivu anashika anachokiona. Ninachodai ni kwamba mwenye kugawa tumaini aseme wazi: kunywa, na dawa zako za hospitali endelea nazo.

13. Naamini nimerogwa na naumwa kweli. Mnasemaje?

Kwanza nakuamini kwamba unaumwa. Hofu ya kurogwa inafanya kazi mwilini kama hofu nyingine yoyote, hulali, huli, moyo unakimbia, unakonda, na kukonda kunakuthibitishia kwamba umerogwa. Walter Cannon, mtaalam wa mwili wa Harvard, aliandika mwaka 1942 kuhusu watu waliokufa baada ya kuambiwa wamelaaniwa, hakuwacheka, alitafuta namna mwili unavyoweza kufika huko.

Ila kabla hujatumia hela kumtafuta mbaya wako, pima kifua kikuu, virusi vya ukimwi, sukari na tezi la shingo, hayo yanakondesha na kutetemesha na yanatibika. Tafadhali pia usitaje jina la bibi yeyote wa mtaani. Huku Kanda ya Ziwa wazee wameuawa kwa macho mekundu, na macho mekundu ni moshi wa kuni.

14. Wanafunzi wa bweni wakianguka au kucheka kwa pamoja, ni mapepo?

Kisa kinachojulikana dunia nzima ni cha kwetu. Tarehe 30 Januari 1962, Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni walianza kucheka na kulia wakashindwa kuacha. Wakafika 95 kati ya 159, walimu hawakupata hata mmoja, shule ikafungwa tarehe 18 Machi, wasichana waliporudi makwao ikaenda na vijiji, Nshamba peke yake zaidi ya watu 200. Damu ilipimwa, haikukutwa sumu wala kijidudu.

Mwili unabeba kile mdomo umekatazwa kusema, na unaambukizwa kwa kuona mwenzako. Inatokea zaidi kwa wasichana wenye masharti makali, mitihani, njaa na hofu, wasio na wa kumwambia. Kwanza pimeni maji na chakula, kuhakikisha sio sumu. Alafu watenganisheni kwa utulivu, walioanza wapumzike nyumbani, punguzeni makelele. Kukusanya shule nzima kwa maombi ya kukemea kwa sauti, watoto wote wakitazama walioanguka, kunawaongeza wengine, hata kama nia ni njema. Wiki ikiisha watafuteni mmojammoja muwaulize shuleni kuna nini.

15. Maombi, dua na ruqya vinasaidia kiafya?

Kwa yale ambayo imani ina mkono nayo, ndio, na kwa muumini kuna zaidi ya afya ambalo sio langu kulipima. Sala inashusha pumzi, inampa mtu watu, inampa sababu ya kuamka. Kiongozi wa dini anayemwambia mgonjwa "tumekuombea, sasa nenda kliniki" ameokoa maisha. Anayesema kumeza dawa ni kukosa imani, mkimbie, hata kama anakubalika na umati.

## Nifanye nini sasa

16. Sina hela ya mshauri. Nianzie wapi nyumbani?

Anza na pumzi. Kaa, vuta kwa pua ukihesabu nne, toa taratibu ukihesabu sita, dakika tano, hasa kabla ya kulala. Kutoa pumzi polepole kunaamsha mshipa mrefu wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, unaopunguza mapigo. Ukisikia kizunguzungu unavuta kwa nguvu mno, legeza.

Tembea mpaka ujisikie joto, siku nyingi za wiki. Simu isilale na wewe kitandani. Pombe ya kusahau matatizo inakuibia usingizi wa alfajiri na kesho yake mawazo yanazidi.

Na tafuta mtu wa kumwambia. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mtu anayewaza sana, wanachagua tatizo moja, wanatafuta hatua moja. Utafiti uliotoka 2016 ulionyesha waliokaa kwenye benchi hilo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mpango umefika mpaka Zanzibar. Bibi, shangazi, mjomba, mzee wa kanisa au imamu anayejua kunyamaza anaweza kazi hiyo. Ukianza kufikiria kujiua, usingoje benchi, mwambie mtu leo hii akae karibu nawe, na uende hospitali.

17. Nitamjuaje mtoa tiba asili au mbadala wa kweli?

Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2002 na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, muombe akuonyeshe usajili. Baada ya hapo sikiliza anachosema: anayejua kazi anakuuliza unatumia dawa gani, anakubali kukuandikia rufaa, hakuambii dawa moja inatibu kila kitu. Anayekuambia uache dawa za hospitali, au anayekutajia adui, ondoka.

## Hali za pembeni

18. Vipimo vyote ni safi, ila mwili unaniuma, miguu inalegea, saa nyingine nazimia. Nimechanganyikiwa?

Hujachanganyikiwa. Ubongo unaweza kushindwa kuendesha mguu au kuleta degedege bila kuwa na kovu linaloonekana kwenye picha, na hali hiyo inatibika kwa mazoezi ya viungo na ushauri, mara nyingi ikigundulika mapema. Muombe dokta mmoja akufuatilie badala ya kuzunguka hospitali sita, kila mpya inaanza upya na hofu inazidi. Ila kifafa kitazamwe kwanza kwa makini. Mahenge, Morogoro, kifafa kimekuwa kingi kwa miaka mingi na kinahusishwa na minyoo ya usubi, na wagonjwa waliachwa waungue motoni kwa sababu watu waliogopa kuwagusa wakianguka. Kifafa hakiambukizi kwa mate. Mgeuze alale ubavu, mwondoe penye moto, usimtie kijiko mdomoni.

19. Ndugu wanataka tumfiche mzee ugonjwa wake ili asikate tamaa. Tufanyeje?

Muulizeni yeye anataka kujua kiasi gani. Wazee wengi wanajua tayari, wanawalinda nyinyi. Mkificha anabaki peke yake na hofu yake. Mwambieni kwa hatua, siku anayouliza, kwa mdomo wa mtu anayempenda, na kila habari ngumu iambatane na kitu kitakachofanyika: maumivu yatadhibitiwa, fulani atalala nae.

20. Nilikunywa dawa ya maombi, nikajisikia mzima, nikaacha ARV miezi kadhaa. Naogopa kurudi, watanisema.

Rudi wiki hii. Kujisikia mzima kulikuwa kweli, ona swali la 4, lakini kirusi ukiacha dawa kinaanza kuzaliana tena kimyakimya na unaweza kumwambukiza mwenzi wako au mtoto tumboni. Usianze mwenyewe vile vidonge vilivyobaki kabatini, maana inabidi waangalie kwanza kama una kifua kikuu au maambukizi mengine, na wapime wingi wa virusi ili wajue kama dozi ya zamani bado inafaa. Waambie tarehe uliyoacha kwa ukweli, hiyo ndo habari wanayoihitaji kuliko zote. Kadi ikiwa imepotea nenda hivohivo, wana rekodi zao, na kama nesi wa dirisha la kwanza atakufokea, muombe mshauri wa kituo au yule mgonjwa mwenzenu anayefanya kazi ya kuwafuatilia walioacha, wengi wao nao walishawahi kuacha wakarudi.